Wawili ndani ya gari-nyumba

Kununa ndani ya gari-nyumba ni kazi ngumu sana. Nyumbani ukikasirika unaingia chumbani, unabamiza mlango, mwenzio anabaki sebuleni na taarifa ya habari. Kwenye gari-nyumba chumbani ndiko sebuleni, sebuleni ndiko jikoni, na mlango pekee wa ndani ni wa choo, ambao ukiubamiza unakurudia usoni. Na kama gari lenyewe liko katikati ya Hifadhi ya Kruger, huko nje nako hakuendeki. Sheria hairuhusu kushuka, na simba hajali nani kamkosea nani.

Mpenzi msomaji, haya sijasimuliwa.

Agosti 2024 mume wangu alikuwa anakaribia kumaliza mkataba wa kazi wa miaka miwili Johannesburg. Mimi nilikuwa Dar na kazi yangu hii ya uhariri na mtoto wetu wa miaka minne. Katika miaka yote miwili tulionana mara tano, nilikuwa nahesabu. Kwa hiyo nilitaka tukutane Zanzibar, hoteli yenye bwawa la kuogelea, nisipike wala nisifue. Yeye akaja na lake: "Bibie, njoo huku. Tukodi gari la kulala humohumo, twende Kruger. Mimi na wewe tu, siku nane." Nikasema moyoni, huyu anabana matumizi. Lakini Mtanzania haitaji viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90, tiketi nikapata, mtoto tukamwacha kwa bibi yake Tabata. Nikaenda.

Tangu nirudi, marafiki zangu wenye ndoa na wenye wachumba wananiuliza maswali yaleyale. Lilivyo, gharama zake, choo inakuwaje, na je, mlipatana? Nitajibu yote, ila la mwisho litachukua muda.

Usikabidhiwe ukiwa na haraka

Hebu fikiria Coaster iliyonenepa. Urefu wake ni kama mita saba, na kimo kinazidi mita tatu. Mbele viti viwili, nyuma yake meza na makochi ambayo usiku yanageuka kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, friji, sinki, kabati za juu, na bafu lenye choo ambalo ukigeuka kiwiko kinagonga ukuta. Afrika Kusini wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo hilo lisikutie hofu. Kinachotakiwa kukutia hofu ni kimo. Matawi ya miti, mapaa ya vituo vya mafuta, vizuizi vya kuingilia maegesho ya maduka makubwa, vyote vimejengwa kwa ajili ya gari dogo. Tuliandika kimo cha gari letu kwenye karatasi tukaibandika juu ya usukani. Fanya hivyo hata kama unajiamini.

Siku ya kukabidhiwa, kijana wa kampuni alituzungusha kwa saa moja na nusu: hapa unajaza maji safi, hapa yanatoka maji machafu, hii ni betri ya taa za ndani, hii swichi ya pampu, huu mtungi wa gesi, ufunge kabla ya kuondoka na kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayezaliwa navyo. Mimi nikatoa simu nikarekodi kila kitu kwa video, pamoja na mikwaruzo yote tuliyoikuta. Video hiyo ilituokoa usiku wa kwanza tu, pampu ilipogoma na kumbe swichi yake imejificha nyuma ya mlango wa kabati.

Kabla hujasaini, uliza mambo haya na uyaone kwa maandishi. Bima inagharamia vioo na matairi, au ni juu yako? Inaruhusu barabara za vumbi? Nyingi haziruhusu, na ukipata ajali huko gharama yote ni yako. Dhamana inazuiwa kwenye kadi ya benki kiasi gani na inarudi baada ya siku ngapi? Maana si kadi zetu zote zinakubaliwa kwa jambo hilo, na ni aibu kugundua hivyo ukiwa kaunta na mabegi. Leseni yetu ya Tanzania ina picha na ina Kiingereza, lakini baadhi ya makampuni yanataka na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Uliza mapema. Na muandikishane wote wawili kama madereva, hata kama inaongeza pesa kidogo. Mwanaume asiyempa mkewe usukani siku nane atachoka, na akichoka atakuwa na kisirani.

Dizeli tulitumia kama lita 13 kwa kila kilomita 100. Si gari la kubana matumizi. Ukijumlisha na kodi ya gari, hamtakuwa mmeokoa sana kulinganisha na nyumba za wageni za kawaida. Mnachonunua ni uhuru wa kuamka pale mlipo.

Begi moja kila mtu, na liwe laini

Nilikuja na sanduku gumu la magurudumu, lile kubwa. Halikuwa na pa kuingia. Siku ya kwanza lilisafiri bafuni, na kila aliyetaka choo alianza kwa kulitoa. Chukueni mabegi ya kitambaa yanayokunjika, nguo za joto (Agosti ni baridi ya huko, na baridi ya nyanda za juu si ya utani kwa mtu wa Dar), tochi ya kuvaa kichwani, kandambili za bafu, kamba ya kuanikia, na dawa ya mbu, kwa kuwa Kruger ni eneo la malaria. Plagi zao ni zile za miguu mitatu minene ya duara, zetu haziingii, kwa hiyo nunua kiunganishi. Halafu kumbuka kuwa soketi za ukutani hazina umeme mpaka mmechomeka waya wa gari kwenye nguzo ya kambi. Pasi na mashine ya nywele acha kwa shoga yako.

Hapo kwenye kabati ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sikukitegemea. Kulikuwa na kabati nne za juu. Bila kufikiri nilijaza tatu. Mume wangu alisimama na soksi zake mkononi akiangalia, hakusema kitu, akazirudisha kwenye begi. Nami nikaona, nikajifanya sijaona.

Konda na dereva

Usiku wa kwanza msijitie kwenda mbali. Gari mnakabidhiwa mchana, jua la Agosti linazama mapema, na kuendesha kitu hicho usiku kwenye barabara usiyoijua ni kutafuta balaa. Sisi tulilala kwenye kambi karibu na Middelburg, kama kilomita 140 tu kutoka uwanja wa ndege. Barabara ya N4 ni nzuri, ya kulipia, lakini mkoa wa Mpumalanga ni wa makaa ya mawe na malori yake ni mengi. Lori likikupita gari linayumba kama mashua. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, usishindane. Na abiria wote wafunge mikanda. Kuna watu wanadhani raha ya gari-nyumba ni mmoja kulala kitandani huku mwenzake anaendesha. Breki moja ya ghafla itawatoa mawazo hayo.

Kimbembe ni kurudi nyuma. Nilishuka kumuelekeza, nikapiga kelele kama konda wa Mbagala: rudi, rudi, kata kulia, shika hapo! Yeye dirisha amefunga, ananiangalia kwenye kioo nikipunga mikono, akaelewa anavyotaka mwenyewe. Tukagonga nguzo ya bomba la maji. Si sana, ila mkwaruzo ulibaki. "Ulisema kulia," akasema. "Kulia kwangu au kwako?" Tulikaa kimya hadi chai ya asubuhi. Sasa sheria ni hii: kabla gari halijasogea mkubaliane ishara nne tu, njoo, simama, huku, kule, kwa mikono mizima na si vidole. Dirisha liwe wazi. Dereva akiacha kumuona mwelekezaji kwenye kioo, anasimama palepale.

Asubuhi yake tulikunywa chai kituo cha mafuta cha Alzu, ambako nyuma ya mgahawa kuna uzio wenye vifaru na nyati unaowaangalia huku umeshika kikombe. Tukacheka, ugomvi wa nguzo ukaisha. Tulidhani tumemaliza.

Ndani ya Kruger

Kruger ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1926, na ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 20,000, yaani kuipita Serengeti yetu. Uzuri wake kwa mwenye gari-nyumba ni kwamba barabara kuu ni za lami na kambi zina kila kitu: nguzo za umeme, mabafu ya maji moto, jiko la pamoja, duka, na kila kiwanja kina sehemu yake ya kuchomea nyama. Kiingilio kinalipwa kwa kila siku mnayokaa na kina viwango vitatu: raia wa Afrika Kusini, raia wa nchi za SADC, na wageni wengine. Sisi tumo kwenye SADC, kwa hiyo onyesha pasipoti na udai kiwango chako. Viwanja vya kambi wekeni nafasi mapema, hasa Lower Sabie na Satara, na muepuke likizo za shule za huko.

Sheria ni chache na hazina mzaha. Mwendo kilomita 50 kwa saa kwenye lami, 40 kwenye vumbi. Kushuka garini ni marufuku isipokuwa kambini na sehemu zilizoruhusiwa. Na lango la kambi lina saa yake. Kwa Agosti linafungwa saa kumi na mbili kamili jioni, ukichelewa unapigwa faini. Katika kupanga safari msipige hesabu ya kilomita 50 kwa saa, pigeni ya 25, kwa kuwa mtasimama kila wakati.

Usiku wa pili tulilala Berg-en-Dal, fisi wakipita nje ya uzio wakinusa harufu ya nyama zetu. Siku ya tatu tukapita Skukuza kula mchana, na saa tisa alasiri tukashika barabara inayofuata mto Sabie kwenda Lower Sabie. Ni kilomita 43 hivi. Yeye akiendesha, mimi nikiwa na simu yake mkononi kwa ajili ya ramani. Mtandao huko unapatikana karibu na kambi na baadaye unakatika, na kabla haujakatika, ujumbe ukaingia. Sikuutafuta. Ulikuja wenyewe juu ya ramani. Ulitoka ofisini kwake, ukiuliza kwa heshima kama ameshaamua kuhusu ile nyongeza ya mwaka mmoja waliyompa wiki tatu zilizopita.

Wiki tatu. Tulikuwa tumezungumza kwenye simu kila usiku wa hizo wiki tatu.

Nikaweka simu kwenye dashibodi. Nikasema nisimamishie gari. Akasema, "Nikusimamishie wapi?" Na kweli, wapi? Kushoto mto wenye mamba, kulia vichaka. Nikahamia kuangalia dirishani. Baada ya kona mbili tukakuta tembo, kundi zima na watoto wao, wamejaza barabara wakivunja matawi bila haraka yoyote. Mkikutana na tembo simameni mbali, msipige honi, msijaribu kupenya, na muache nafasi nyuma ya kurudi. Akarudi nyuma taratibu, akasimama. Tukakaa hapo dakika arobaini.

"Nilikuwa natafuta muda wa kukuambia," akasema.

"Muda? Si tunaongea kila siku?"

"Kwenye simu tunaongea. Ada ya mtoto, umeme, mama anaendeleaje. Dakika arobaini zinaisha unasema umechoka, usiku mwema. Ningekuambia saa ngapi?"

Nikataka kumjibu kwa hasira, nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Akaendelea. Kwamba anaogopa kurudi Dar bila kazi ya uhakika, na kiwanja cha Goba tumekopea. Kwamba mwaka mmoja ungemaliza deni. Kwamba hakukubali, ila hakukataa pia.

Nami, jamani, nisikufiche, nikasema kitu ambacho sikujua kuwa ninacho. Nilisema naogopa arudi. Kwamba miaka miwili nimezoea kitanda chote, rimoti yangu, pesa yangu kuipanga mwenyewe. Kwamba nusu ya kabati lake nimeshaweka nguo zangu na mwezi uliopita nilikuwa najiuliza nizitolee wapi. Akaangalia kabati za juu. "Niliona," akasema.

Tembo mkubwa alisogea, njia ikafunguka. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi na tano. Tuliingia lango la Lower Sabie ikiwa bado dakika kumi. Niliondoa nguo kwenye kabati moja usiku uleule. Hakuna aliyesema kitu.

Sasa choo

Najua mnasubiri. Choo cha gari-nyumba hakina bomba la kwenda mbali. Chini yake kuna kasha la plastiki, wanaliita kaseti, la lita kama 18, unalivuta kupitia kijilango cha nje, unalikokota hadi sehemu maalum ya kambi na kulimwaga. Kuna dawa ya kuua harufu, msiisahau. Ushauri wangu: choo hicho kiwe cha haja ndogo za usiku tu, mengine nendeni kwenye vyoo vya kambi, ambavyo ni visafi. Maji ya kuoga vilevile. Tangi linaonekana kubwa mpaka watu wawili waoge kama wako nyumbani. Ogeni kambini, ya kwenye gari yabaki ya kunawa na kuosha vyombo. Jazeni kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Usiku acheni kijidirisha cha juu wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Tulifunga kila kitu siku ya kwanza, asubuhi tukaamka vioo vinachuruzika maji na shuka ni mbichi. Kupika ugali ndani nako fikirieni mara mbili. Unga wa mahindi upo madukani, wao ugali wao wanauita pap, ila mvuke wake ulijaza gari zima hadi king'ora cha gesi kikaanza kulia. Pikeni nje. Mwanaume akiwa na moto na koleo mkononi anakuwa mzuri wa kuongea naye, sijui kwa nini.

Chakula na takataka fungieni ndani. Kambi ya Satara ina nyegere waliojifunza kufungua mapipa. Tulimuona mmoja saa nne usiku, mfupi, jeuri, anatembea kama mwenye nyumba. Alilibinua pipa la jirani, akachambua, akatupita mita tatu bila hata kutuangalia. Nyani na tumbili wanakuja mchana. Dirisha lililo wazi kwao ni mwaliko.

Ni hapo Satara, usiku wa nyegere, tulipogeuza ramani ya kambi na kuandika nyuma yake. Upande mmoja yeye aliandika deni, mshahara, kodi ya chumba chake, tiketi. Upande wa pili mimi niliandika vitu visivyo na bei: siku ya kwanza ya shule ya mtoto, mama yake ambaye magoti yanamsumbua, na sisi. Tulibishana kwa sauti ya chini hadi saa sita, kwani majirani walikuwa hema la pili na maneno yanasikika. Tukatoka na miezi sita badala ya mwaka, simu za usiku ziwe tatu kwa wiki lakini za kuongea kweli, na ofisi imlipie tiketi ya kuja nyumbani kila baada ya wiki sita, wasipokubali anarudi. Ujumbe aliuandika asubuhi akautuma kabla hatujatoka lango la Orpen, nikiwa mimi ndiye ninayeendesha.

Wanaoniuliza kuhusu hapa kwetu, ndiyo, inawezekana, ila gari lake ni jingine. Kwa barabara za hifadhi zetu nyingi kinachofaa ni Land Cruiser yenye hema juu ya paa, na kambi zetu nyingi za umma msitegemee nguzo ya umeme. Usiku wa kwenda haja mnashuka ngazi gizani. Jaribuni kwanza usiku mmoja kabla hamjalipia wiki.

Usiku wa mwisho tulilala Graskop, tukafua, tukasafisha gari. Lirudisheni safi, tangi la maji machafu na kaseti vikiwa vitupu na dizeli imejaa, vinginevyo watakata. Dhamana yetu ilirudi baada ya siku kumi za kazi, pungufu ya mkwaruzo wa nguzo ya Middelburg. Ofisi yake walikubali. Mume wangu alirudi Dar Machi 2025, na kabati alilikuta na nafasi, japo si nusu.

Kaseti aliimwaga yeye siku zote nane, bila kulalamika. Safari ijayo zamu ni yangu, ameshaniandikisha.